Amplifaya ya Zamani: Utatengeneza au Utabadilisha? Nilipoteza 305,000 Ndipo Nikajua Hesabu Yake



Wiki hii watu wanne wameniuliza DM swali moja: "Kaka, nimepata amplifaya kali ya zamani, ina tatizo kidogo. Niichukue nikatengeneze, au niachane nayo?" Nimeona niwajibu wote hapa. Hata kama wewe unauza friji, cherehani au simu za mtumba, soma tu hadi mwisho. Hesabu ni ile ile.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nauza vifaa vya muziki vya mtumba online, niko Dar. Sina duka. Nina simu, meza moja na chumba kimoja kilichogeuka stoo. Mzigo wangu mkubwa ni amplifaya za stirio za miaka ya 1970 na 1980, zile nzito za uso wa aluminiamu, zenye mishale inayocheza muziki ukipigwa. Ukizijua, zina pesa. Usipozijua, zinakula mtaji.

SIMU YA JUMAPILI USIKU

Jumapili moja, saa tatu usiku, iliingia sauti ya mteja wangu wa Moshi. Alikuwa haongei kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Kaka, ile amplifaya yako imeniunguzia spika. Nimechomoa umeme, lakini harufu imejaa sebuleni. Watoto nimewatoa nje."

Nilikuwa nimemuuzia siku kumi na moja kabla, kwa 850,000. Alilipa yote kabla sijamtumia mzigo, bila kunijua, kwa kuangalia video tu. Nilikaa kwenye kiti bila kujua nimjibu nini.

Niwarudishe nyuma kidogo. Ile amplifaya niliinunua 400,000 kwa jamaa anayefungua makontena. Ilikuwa inawaka taa, ila haitoi sauti. Nikampelekea fundi wa karibu. Siku ya pili akanipigia: "Boss, imepona, inapiga." Akachukua 60,000 yake. Nikajaribu wimbo mmoja, dakika kumi, nikarekodi video nzuri, nikaposti. Kwenye daftari niliandika: nimenunua 400,000, fundi 60,000, boda na kifurushi 15,000, nimeuza 850,000. Faida 375,000. Nilifurahi, sitawadanganya.

Kumbe ile faida ilikuwa ya uongo.

MLINZI ALIYEFUNGWA KAMBA

Mzigo uliporudi kutoka Moshi nilimpelekea fundi mwingine, mzee mmoja aliyeanza kazi hii enzi za redio za mbao. Alifungua kifuniko, akaangalia kwa nusu dakika, akaniita.

"Mwanangu, njoo uone walichofanya."

Akanionyesha waya mfupi umechomelewa juu ya kidude kidogo chenye kasha la plastiki. Kile kidude kinaitwa rilei. Kwenye amplifaya nzima ya zamani, ukibonyeza swichi unasubiri sekunde chache, halafu unasikia "tik". Ni rilei inafunga njia, sauti inaruhusiwa kwenda kwenye spika. Kabla ya hapo, saketi ya ulinzi inakagua kama umeme unaotoka ni salama. Ukiwa si salama, rilei inakataa na hausikii "tik". Amplifaya inawaka taa lakini iko kimya.

Umeelewa? Ile amplifaya ilikuwa kimya kwa sababu mlinzi alikuwa anafanya kazi yake. Fundi wa kwanza hakutafuta mwizi. Alimfunga mlinzi kamba, akafungua geti.

Ndani ya amplifaya kubwa kama ile kuna umeme wa DC, kama wa betri, wa volti 40, 50 au zaidi. Spika haitaki umeme huo. Spika inataka umeme unaokwenda na kurudi, ndio unaosukuma karatasi yake mbele na nyuma. Transista ya kutoa sauti ikifa kwa kushikana, ule umeme wa DC unaingia moja kwa moja kwenye spika. Karatasi inasukumwa upande mmoja inabaki hapo, koili inapata moto, inaungua. Hiyo ndiyo harufu aliyoisikia mteja wangu.

Sasa hesabu halisi. Nilimrudishia 850,000 yake yote. Spika zake nikalipia 240,000. Kurudisha mzigo 20,000. Ukijumlisha na 400,000 ya kununulia, 60,000 ya fundi wa kwanza na 15,000 ya kutuma, nilikuwa nimezama 735,000, na mbele yangu kuna amplifaya mbovu.

Yule mzee akaitengeneza kama inavyotakiwa kwa 270,000: transista za upande ulioungua, kapasita zilizochoka, rilei mpya, kusafisha na kupanga upya. Jumla yangu ikafika 1,005,000. Nikaiuza 700,000, nikieleza kwenye tangazo kila kilichotokea. Ilikwenda ndani ya siku tatu.

Hasara: 305,000. Na hapo sijahesabu usingizi.

Hebu tazama kitu kimoja. Kama ningeipeleka kwa yule mzee tangu mwanzo, ningetumia 400,000, na 270,000, na 15,000. Ningeuza 850,000. Faida ingekuwa 165,000. Ndogo kuliko ile 375,000 ya kwenye daftari, lakini ingekuwa ya kweli. Rahisi huwa ghali, wazee walishasema.

KINACHOZEEKA NI NINI HASA?

Watu wanadhani amplifaya ya miaka 45 imechakaa yote. Hapana. Transfoma yake, lile dude zito la katikati, likiwa halijawahi kuunguzwa linaweza kudumu kuliko mwenye nalo. Bati, mbavu za aluminiamu za kupoza joto, rezista nyingi, hivyo havizeeki haraka. Vinavyozeeka ni hivi.

Cha kwanza, kapasita zenye majimaji ndani, zile zinazofanana na kopo dogo. Zinakauka. Joto ndilo linaloziua. Mafundi wana kanuni ya makadirio: ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unakuwa karibu mara mbili. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 85. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 55, kwa hesabu hiyo inafika saa 16,000. Ukiwasha saa nane kila siku, hiyo ni miaka mitano na nusu. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 45 inafika saa 32,000, karibu miaka kumi na moja. Kwa hiyo amplifaya iliyofungiwa kabatini na ile iliyokaa mahali pa hewa hazizeeki sawa, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Dalili ya kapasita kubwa kuchoka ni muungurumo wa chini unaosikika hata muziki ukiwa umezimwa.

Cha pili, rilei. Sehemu zake zinazogusana zinaota weusi. Dalili: upande mmoja unapotea, ukiongeza sauti ghafla unarudi.

Cha tatu, vitufe vya sauti na swichi. Ukizungusha vinakwaruza. Mara nyingi huu ni uchafu tu, fundi anapuliza dawa ya kusafishia, mambo yanaisha. Usiuze kwa bei ya kutupa kitu ambacho tatizo lake ni vumbi.

Cha nne, sehemu zilizochomelewa kwa risasi. Zinapata nyufa ndogo kwa kupata joto na kupoa miaka yote hiyo. Dalili: ukiigonga kidogo juu, sauti inakatika au inarudi.

Ndiyo maana hizi za zamani zinatengenezeka. Ndani yake kuna vipande vinavyoonekana kwa macho, vinavyochomolewa kimoja kimoja na kubadilishwa.

LINI USITENGENEZE

Hapa ndipo wengi tunapotea kwa sababu ya mapenzi. Mimi nina sababu nne za kuiacha.

1. Transfoma imeungua. Harufu yake ni kali, huwezi kuisahau. Kuisuka upya inawezekana, lakini kwa muuzaji mdogo mara nyingi hesabu hairudi.

2. Kipuri chake hakitengenezwi tena na hakina mbadala. Mfano, miaka ya 1970 Sony na Yamaha walitoa amplifaya zenye transista maalum zinazoitwa V-FET. Yamaha B-1 ya mwaka 1974 ni moja ya hizo. Ni vyombo vya heshima, lakini transista hizo zikifa, kuzipata ni kazi kweli kweli. Kabla hujalipa, muulize fundi transista za kutoa sauti ni namba gani na kama zinapatikana.

3. Bodi imeliwa na chumvi. Sisi wa pwani tunalijua hili. Ukiona kijani kibichi kimetambaa kwenye shaba, bei ishuke sana au uondoke.

4. Ni risiva ya sinema ya nyumbani yenye bodi za kidijitali. Nilishawahi kupata moja, sauti yake safi, ila bodi ya HDMI imekufa. Mteja alitaka tutengeneze. Nilimwambia hapana. Bodi kama ile imejaa vidude vidogo vya kampuni maalum, ukiipata bei yake inakaribia risiva nyingine nzima, na ukiweka, inabaki ya teknolojia ya nyuma. Hapo unabadilisha. Nilimuuzia nyingine na ile mbovu nikaichukua kwa vipuri.

MTIHANI WA DADA WA TANGA

Miezi kadhaa baada ya ile hasara, dada mmoja wa Tanga alinitumia picha tatu na ujumbe.

"Kaka, hii ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa baharia, aliinunua Japani. Tangu msiba haiwaki. Nina 500,000, nataka muziki wa mgahawani kwangu. Nitafutie kitu kipya cha kisasa, hii ichukue tu unipunguzie bei. Mama anasema inajaza nafasi."

Nilivuta picha nikaisoma namba yake. Niliijua. Ikiwa nzima, mimi naiuza 1,800,000, na wateja ninao kwenye simu.

Nataka uelewe nilikuwa kwenye hali gani. Bado nilikuwa nalipa deni la ile 305,000. Mtu ananipa mzigo wa milioni na laki nane kwa punguzo la elfu hamsini, kwa hiari yake, na hakuna ambaye angejua. Niliandika "sawa dada, itume" halafu sikubonyeza kutuma. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria mteja wa Moshi, alivyonitumia 850,000 bila kunijua.

Asubuhi nilifuta, nikaandika hivi:

"Dada, shikamoo kwa mama, na poleni sana. Kabla hujaamua, naomba nikwambie ukweli. Hiyo amplifaya ikitengenezwa ina thamani kubwa kuliko pesa uliyonayo. Usiitoe bure. Nipigie picha ya nyuma, pale waya wa umeme unapotokea."

Picha ilipokuja, kwenye kibati cha nyuma paliandikwa: 100V, 50/60Hz.

Nikamuuliza, "Mzee alikuwa na kiboksi kizito pembeni, anachomeka humo kwanza?"

"Ndiyo! Kile cha bluu. Tulikitoa tulipopanga upya sebule, hatukujua ni cha nini."

Basi hapo kesi nusu imeisha. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Kwetu ni 230. Mzee alikuwa anashusha umeme kwa kile kiboksi miaka yote. Baada ya msiba mtu akachomeka moja kwa moja ukutani.

Nikamwelekeza dada aipaki: boksi mbili, moja ndani ya nyingine, magodoro chini na pembeni, kwa sababu transfoma nzito mzigo ukidondoka inaweza kupasua bodi. Kiboksi cha bluu akitume pia. Ikaja kwa basi.

Yule mzee fundi alianza na kitu ninachotaka kila muuzaji akijue. Hakuichomeka ovyo. Aliunganisha balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani na siyo ya LED, kwenye njia ya umeme, ili umeme upite kwenye balbu kwanza kabla ya kuingia kwenye amplifaya. Kukiwa na kitu kimeshikana, balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, amplifaya inaokoka. Balbu ikimulika kisha ikafifia, kuna matumaini.

Aliweka fyuzi mpya, akawasha kupitia kile kiboksi. Balbu ilimulika, ikafifia. Mzee akatabasamu. "Fyuzi imekufa badala ya transfoma. Aliyeitengeneza hii alikuwa na akili."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya uzee: kapasita, rilei, kusafisha vitufe, kupanga upya. Gharama 310,000. Taa ya mshale mmoja ilikuwa imekufa na hatukuipata inayofanana, tukaiacha.

Lakini sikumshauri aipeleke mgahawani. Hapa ndipo jibu la "nitengeneze au nibadilishe" linapotegemea kazi yenyewe. Mgahawa una moshi wa mafuta, una mtu yeyote anayeongeza sauti, na unawasha kuanzia asubuhi hadi usiku. Kule kunatakiwa kitu kidogo, kipya, chenye Bluetooth, kikifa hakikuumizi. Nilimpatia cha 180,000. Ya baba ikarudi nyumbani kwa mama, na kiboksi chake nimekibandika karatasi: USICHOMEKE BILA HIKI.

Jumla 490,000. Nauli ya basi kwenda na kurudi ikazidi bajeti yake, nikamwambia atamalizia mwisho wa mwezi. Alimalizia.

Mimi nilipata 40,000 kwenye kile kidogo na 50,000 ya usimamizi. Elfu tisini. Ungeniambia ningeweza kupata zaidi ya milioni, ningekujibu najua, nilishapiga hesabu usiku ule.

UKAGUZI WANGU KABLA YA KUNUNUA

Sasa yale ya kufanyia kazi. Chukua picha ya skrini.

1. Soma kibati cha nyuma. 100V ni ya Japani, 120V ni ya Marekani, zote zinahitaji transfoma ya kushusha. Angalia na Hz. Japani mashariki wanatumia Hz 50 na magharibi Hz 60, ndiyo maana vyombo vyao vingi vimeandikwa 50/60. Cha Marekani kilichoandikwa 60Hz peke yake, kwenye umeme wetu wa Hz 50 transfoma yake inapata joto zaidi. Na kiboksi cha kushushia kiwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibati, mimi naweka mara moja na nusu au zaidi.

2. Washa bila spika. Sikiliza "tik". Isipokuja, kuna ugonjwa. Ikija papo hapo sekunde ile ile unapowasha, kwenye zile zinazotakiwa kuchelewa, au isipokuwepo lakini sauti inatoka, uliza kama kuna aliyewahi kuchezea ulinzi.

3. Pima DC kwenye matundu ya spika. Mita ya kawaida ya fundi inatosha. Spika ziwe zimetolewa, mita iwe kwenye DC. Chini ya milivolti 50 niko sawa. Ikizidi 100 inarudi kwa fundi. Ikisoma volti nzima nzima, usiunganishe spika hata kwa kujaribu. Kipimo hiki kinachukua dakika moja. Kingeniokolea 305,000.

4. Pasha moto. Ipige saa mbili, siyo dakika kumi. Magonjwa mengi yanajificha hadi joto lipande.

5. Usifungue mwenyewe kama huna ujuzi. Kapasita kubwa zinabaki na umeme hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Mwachie fundi.

6. Mwombe fundi akurudishie vipuri vya zamani kwenye mfuko. Ukivipiga picha unakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mteja. Na mwambie fundi asiweke transista za bei ya ajabu. Kopi feki zimejaa sokoni. Hata zile maarufu za 2SC5200 na 2SA1943 zina kopi ambazo ndani yake kipande cha kazi ni kidogo, ukizipa mzigo zinapasuka.

7. Piga hesabu kabla ya kulipa. Anza na bei utakayouza baada ya mteja kukuomba punguzo. Toa ya kununulia, ufundi, vipuri, usafiri. Halafu toa robo nyingine ya gharama ya ufundi kama dharura. Kinachobaki kikiwa hakikulipi, achana nayo. Kwangu matengenezo yakizidi theluthi ya bei ya kuuzia, siichukui.

JINSI YA KUANDIKA TANGAZO

Acha kuuza kwa wati. Namba za wati zilishaharibiwa zamani. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilibidi itoe kanuni watengenezaji waache kutangaza wati za kufikirika, wapime pande zote mbili zikipiga kwa pamoja bila kupumzika. Ndiyo maana Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976, yenye uzito wa karibu kilo 30, iliandikwa wati 160 kila upande, na zilikuwa wati kweli. Leo kidude cha kilo tatu kimeandikwa wati 5,000. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu, na hadi leo watu wanaitafuta. Mweleze mteja hivyo, anaelewa.

Tangazo langu siku hizi liko hivi:

"Amplifaya ya stirio, ya mwaka 1978, volti 100, transfoma ya kushushia ipo ndani ya bei. Imebadilishwa kapasita na rilei mwezi huu, picha za vipuri vya zamani nimeweka. DC kulia milivolti 12, kushoto milivolti 18, video ya kipimo ipo. Kasoro: taa moja ya mshale haiwaki, mkwaruzo upande wa kushoto. Haifai kwa ukumbi wala baa. Spika ziwe omu 8. Siku 30, ikisumbua nirudishie."

Utasema kasoro zitawakimbiza wateja. Wanaokimbia ni wale ambao wangekusumbua baadaye. Ile amplifaya iliyoungua Moshi niliiuza kwa kueleza kila kitu, na aliyeinunua aliniambia hakuwahi kuona muuzaji anaposti picha ya makosa yake. Amerudi mara mbili.

Na ukipata mzee wa mtu, au dada wa mtu, anakupa kitu asichokijua thamani yake, mwambie kabla hujamwambia bei. Mengine mtaelewana.

Dada wa Tanga alinirekodia sauti ya sekunde ishirini siku amplifaya ilipofika. Taarabu inapiga, safi kabisa. Nyuma yake nasikia sauti ya mama mtu mzima: "Hebu punguza, majirani." Halafu kimya kidogo. Halafu: "Basi iache hivyo hivyo."

Wewe una chombo gani stoo hujui ukitengeneze au ukiuze kwa vipuri? Andika kwenye komenti jina lake, kilichoandikwa kwenye kibati cha nyuma na dalili zake, tuipigie hesabu pamoja. Na mtumie hii mwenzako anayeuza vya mtumba, kabla naye hajapigiwa simu ya Jumapili usiku.